Klachi Ikiteleza, Nani Alipe?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, pamoja na aali zake na sahaba zake wote. 

Katika mlango wa ijara tulikwisha kuzungumzia nyumba na mashamba. Leo tunaingia kwenye pikipiki, kwani nyumba nyingi za jamaa zetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, hivi sasa zina bodaboda moja aliyokabidhiwa kijana wa ukoo au wa jirani, naye huleta kiasi maalumu kila jioni. Mkataba huo ni ijara, hata kama haukuandikwa popote. Na ugomvi unaoletwa mbele yetu baada ya sala ya Isha mara nyingi ni huo mmoja: chombo kimeharibika, nani abebe gharama? Tutakusimulieni ugomvi ambao mdai wake tulikuwa sisi wenyewe, na ambao ufumbuzi wake ulipatikana kwenye kibanda cha fundi mjini Nakuru.

Mtoto wa dada yetu alihamia Nakuru kutafuta riziki, akapanga chumba mtaa wa Bondeni. Tulimnunulia pikipiki ya ukubwa wa 150, ya aina iliyojaa kila njia panda ya nchi hii, tukapatana atuletee shilingi 300 kila siku ya kazi, na Ijumaa iwe yake. Mwaka wa kwanza ulipita kwa salama. Mwaka wa pili klachi ilikufa. Tukamwambia alipe, naye akalipa shilingi 1,800, pleti mpya pamoja na ujira wa fundi. Wiki saba baadaye klachi ikafa tena. Akalipa tena 1,800, na hakusema neno. Kisha mtu mmoja wa kituoni kwake akatupigia simu: kijana wenu, alisema, hubeba magunia ya viazi kutoka upande wa Molo, na huendesha milimani huku ameshika klachi nusunusu.

Tuliyaamini maneno hayo kama tulivyoyapokea. Tulimwambia mama yake kuwa mwanawe hana amana, kabla hatujamuuliza kijana mwenyewe hata swali moja. Klachi ya tatu ilipoanza kuteleza, tulifunga safari kwenda Nakuru, na kusudio letu lilikuwa kuichukua pikipiki na kumpa mtu mwingine.

Kabla ya kufika kwa fundi, hebu tukumbushane hukumu. Aliyekodi kitu, kitu hicho mikononi mwake ni amana. Kikiharibika kwa matumizi ya kawaida, halipi. Matengenezo yanayokirejesha katika hali ya kunufaisha ni juu ya mwenye mali. Hulipa pale tu alipovuka mpaka au alipozembea. Na anayedai kuwa mwenzake amevuka mpaka ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Basi tuzingatie: suala la nani alipe haliwezi kujibiwa mpaka ijulikane ni kitu gani kilichoharibu. Kadhi hawezi kuhukumu bila ya kujua maradhi ya chombo, na sisi tulikuwa tumekwisha kuhukumu mara mbili, tukatoza mara mbili, na hatukujua lolote.

Kijana alitupokea vizuri, akatubusu mkono, akatupikia chai. Tulipomwambia tulilojia, aliinamisha kichwa, akasema: "Mjomba, pikipiki ni yako. Lakini naomba kwanza tumwone fundi mmoja, kisha uichukue ukitaka." Haya ikatushika, tukakubali.

Fundi huyo ni mzee kutuzidi, na si wa dini yetu. Wale wawili waliotangulia walikuwa wameifungua injini siku ileile waliyoletewa. Yeye hakugusa spana. Aliuliza maswali matatu. Tatizo hutokea wakati gani? Nani aliifungua mara ya mwisho, na alifanya nini? Imetiwa oili gani?

Ili maswali haya yaeleweke, lazima tujue klachi ni kitu gani. Klachi ni mlango baina ya injini na gurudumu la nyuma. Katika pikipiki nyingi za bodaboda imo ndani ya injini, upande wa kulia, nyuma ya mfuniko mkubwa. Humo mna kikapu cha chuma, na ndani yake zimepangwa pleti za aina mbili kwa zamu: pleti za msuguano, zilizobandikwa utando mgumu wa rangi ya kahawia, na pleti tupu za chuma. Springi huzibana zote pamoja, na nguvu ya injini hupita. Dereva anapovuta mkono wa klachi, kebo huondoa mbano wa springi, pleti huachana, na injini huzunguka peke yake. Na jambo la kukumbuka kuliko yote ni hili: pleti hizo zimeogelea katika oili ileile inayolainisha injini.

Kwa hiyo maradhi makubwa ya klachi ni mawili, na kila moja ni kinyume cha mwenzake. La kwanza ni kuteleza: dereva anaongeza moto, injini inanguruma, lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani, na abiria yuko nyuma, na gia ni kubwa. La pili ni kutoachia: mkono umevutwa hadi mwisho, lakini pikipiki bado yasogea, gia zinalia zikiingizwa, na nyutro haipatikani taa zikiwaka nyekundu. Mwenye kuchanganya mawili haya atatibu kichwa kwa dawa ya tumbo.

Kijana alijibu: huteleza mlimani, na huzidi injini ikiwa ya moto. Hapo fundi aliushika mkono wa klachi kwa vidole viwili, akautikisa. Mkono wa klachi unatakiwa uwe na ulegevu kidogo kabla haujaanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi ni kati ya milimita 10 na 20 kwenye ncha yake, na kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho hakimu. Huu wetu haukuwa na ulegevu hata chembe. Fundi wa kwanza aliikaza kebo akidhani anatibu utelezi, kumbe aliuzidisha. Kwani mkono usio na ulegevu ni sawa na dereva aliyeukandamiza mchana kutwa bila ya kujijua. Springi hazibani sawasawa, na pleti husuguana bila ya kushikana.

Mzee aliifungua nati ya kufungia, akazungusha kirekebishi cha juu kwenye usukani na kile cha chini kwenye injini, mpaka ulegevu ukarejea. Aliichunguza kebo tangu mwanzo hadi mwisho, kama ina nyuzi zilizokatika au mahali imepindwa kwa nguvu, akaitia matone ya oili. Kazi hiyo haikufika robo saa, wala haikuhitaji kipuri chochote.

Kisha akampandisha kijana barabara ya Menengai. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Menengai ni mita 2,278. Njia ya kwendea huko ni mtihani ambao klachi mbovu haiwezi kuuficha. Sisi watu wa pwani hatuujui mtihani huo. Kwetu Mombasa ardhi ni tambarare, na klachi yenye aibu yaweza kusitiriwa miezi mingi.

Kijana alirudi, akasema kumekuwa na nafuu, lakini pikipiki ikipata moto bado yateleza. Ndipo mzee akarejea kwenye swali lake la tatu, akaomba aletewe kopo la oili inayotumika. Kijana akasita. Akatutazama, kisha akaenda chumbani kwake, akarudi na galoni la lita nne. Tulilitambua mara moja. Ni sisi tuliolituma kutoka Mombasa, kama zawadi. Lilibaki tulipobadilisha oili ya gari letu, nasi tulijivuna kwa sababu lilikuwa la bei ya juu.

Mzee alivaa miwani, akaligeuza galoni akasoma nyuma. Akasema: "Oili hii haina ubaya, Sheikh. Ila ni ya gari."

Alitufafanulia kwa upole. Klachi ya gari la kawaida la gia za mkono haimo ndani ya oili ya injini. Imekaa kavu, katika nyumba yake. Kwa hiyo watengenezaji wa oili ya gari, hasa zile nyepesi za kupunguza matumizi ya petroli, huweza kutia dawa za kuondoa msuguano, na injini ya gari hufurahi. Lakini pikipiki yahitaji injini iteleze na klachi ishike, na vyote viwili vinakunywa katika bakuli moja. Dawa ile ile inayoipumzisha injini huzifanya pleti ziteleze. Ndiyo maana taasisi ya viwango vya magari ya Japani, inayojulikana kwa herufi JASO, iliweka alama maalumu kwa oili za pikipiki: alama ya MA au MA2 ni kwa pikipiki ambayo klachi yake imo ndani ya oili, na alama ya MB ni kwa vyombo visivyohitaji msuguano huo, kama skuta nyingi. Galoni letu halikuwa na hata moja kati ya hizo mbili za kwanza.

Basi yakabainika. Pleti mpya za mara ya kwanza ziliwekwa ndani ya oili yetu, zikateleza. Pleti mpya za mara ya pili ziliwekwa ndani ya oili yetu, zikateleza. Tulimuuliza kijana kwa nini hakubadilisha. Akasema: "Mjomba, uliniambia ni ya bei ghali. Niliona haya kuiacha, ungedhani nimeidharau zawadi yako."

Ndugu wasomaji, tulikaa kimya.

Lakini mzee hakuridhika na dhana hata hiyo. Alisema oili yaweza kuwa na hatia, na dereva naye akawa na hatia, tufungue tuone. Siku ya pili aliimwaga oili yote, akatoa mkono wa kiki, akafungua bolti za mfuniko wa kulia. Bolti za springi alizilegeza kwa kukingama, hii kidogo na ya mkabala wake kidogo, ili pleti ya juu isikae upande. Akazitoa pleti moja baada ya moja, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio uleule.

Ushahidi wa dereva aliyeitesa klachi, alitueleza, una alama zake: pleti za chuma hugeuka rangi ya samawati kwa joto, utando wa pleti za msuguano huungua ukanuka na kuliwa kabla ya wakati wake, na pleti ya chuma ikilazwa juu ya kioo bapa huonekana imejikunja. Aliutafuta ushahidi huo mbele yetu. Unene wa pleti za msuguano aliupima kwa venia, akaulinganisha na pleti mpya aliyokuwa nayo rafuni. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Pleti za chuma alizilaza juu ya kioo, hazikucheza. Springi alizisimamisha pamoja, zote urefu mmoja. Kikapu alikipapasa kwa ukucha kwenye kingo zake, hakina makovu yaliyochimbika. Kasoro ilikuwa moja: nyuso za pleti zilikuwa ziking'aa mithili ya kigae kilichopakwa rangi. Hazikuliwa. Zililainika.

Hakutuuzia pleti mpya, ingawa tulikuwa tayari kuzinunua na asingelaumiwa na yeyote. Alizisafisha zile zile kwa petroli, mbali na moto, akazikwaruza kidogo kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, kisha akazitia katika bakuli la oili ya pikipiki yenye alama ya MA. Zikakaa humo tangu adhuhuri hadi alasiri, kwani pleti zikirudishwa kavu huungua dakika za mwanzo. Alionya kuwa tiba hiyo ni kwa pleti ambayo utando wake ungali mzima. Iliyoungua haina tiba ila kubadilishwa. Akazirejesha, akaweka gasketi mpya, akakaza bolti kwa kukingama kama alivyozifungua, akatia oili mpya mpaka alama ya kipimo, akaurekebisha tena ulegevu wa kebo.

Mtihani wa mwisho tulikuwa sisi. Mzee alisema pikipiki ipande Menengai na mzigo, na mzigo wa karibu ulikuwa mwili wetu, ambao Mwenyezi Mungu ameuneemesha. Tukafunga kanzu, tukavaa helmeti, tukapanda nyuma ya mpwa wetu. Pikipiki ilipanda kwa gia ya tatu na haikuteleza, wala tulipofika juu, ambapo injini ilikuwa ya moto kabisa.

Tuliporudi tulifanya hesabu. Klachi mbili za shilingi 1,800, jumla 3,600, tulimtoza bila haki. Tena, kwa siku tano pikipiki ilipokuwa kwa mafundi alituletea shilingi 300 kila siku, na ilhali kitu kilichokodiwa kikikosa kunufaisha bila ya kosa la mkodi, kodi ya siku hizo huanguka. Hiyo ni 1,500. Tulimkabidhi shilingi 5,100 mbele ya fundi. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa jina lake. Tulimpigia simu dada yetu, kijana akiwa amekaa kando yetu anasikia, tukamwambia kuwa mwanawe ni mwaminifu na kuwa aliyekosea ni ndugu yake. Dada yetu alilia, akasema alikuwa hapati usingizi. Yule aliyetupigia simu hatukumlaumu. Katika Sura ya Al-Hujurat Waumini wameamrishwa kuhakikisha habari wanapoletewa. Amri hiyo ilikuwa juu yetu tulioipokea, nasi tuliiacha.

Sasa tunawausia wenye pikipiki na wenye kuzikodi mambo yafuatayo.

Anzeni kwa kilicho nje na cha bei ndogo kabla ya kilicho ndani na cha bei kubwa: ulegevu wa mkono wa klachi, kisha kebo, kisha kiwango cha oili na aina yake, na mwisho ndipo injini ifunguliwe. Ikiwa maradhi ni kutoachia, mpangilio ni uleule: aghalabu kebo imerefuka na ulegevu umezidi, ikiwa kebo ni salama, ndipo itazamwe kama pleti za chuma zimejikunja au kingo za kikapu zimechimbika.

Fundi akifungua, mwenye mali au wakili wake awepo, na pleti za zamani zitunzwe zisitupwe, kwani ndizo mashahidi. Makovu ya kikapu, springi zilizofupika na kebo iliyochakaa kwa umri ni matumizi ya kawaida, na gharama yake ni ya mwenye pikipiki. Utando ulioungua na chuma kilichogeuka samawati vyaweza kuwa ushahidi dhidi ya dereva, lakini baada tu ya kebo na oili kusafishwa na tuhuma, maana hivyo viwili pia huunguza. Na aliyekaza kebo kimakosa au kutia oili isiyofaa, awe fundi au mjomba, abebe alichosababisha.

Mkataba uandikwe, hata mstari mitano: kodi ni kiasi gani, nani hununua oili na ya alama gani, nani huangalia kebo kila wiki, na siku za gereji zahesabiwaje. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika tunapokopeshana, na busara ya amri hiyo yaonekana pia katika ijara.

Na nyinyi vijana mnaokabidhiwa mali na wakubwa wenu, tunakuombeni: mkiona kosa letu, tuambieni kwa adabu. Mpwa wetu aliona haya, na haya ni katika imani, lakini haya yake ilimgharimu shilingi 3,600 na nusura imgharimu kazi yake. Kosa la kumfanya aogope kusema ni letu.

Pikipiki ingali Nakuru, kwa mpwa wetu. Lile galoni tulirudi nalo Mombasa, tukalitia kwenye gari.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaohakikisha kabla ya kusema, na atusamehe tuliyoyasema kabla ya kuhakikisha. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.